Risala Ina Bei

Msiba ukitokea Miembeni, turubai halijafungwa bado watu wameshajua nani ataandika wasifu wa marehemu. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, au karani wa zamani wa chama cha ushirika, au mama aliyewahi kuwa katibu wa parokia. Anafuatwa kwa heshima zote: "Waitu Mwalimu, tusaidie." Anakaa na wafiwa usiku, anauliza majina ya babu na bibi, ukoo, mwaka wa ubatizo, shule, ndoa, watoto na wajukuu. Kesho yake karatasi inasomwa mbele ya jeneza na waombolezaji wanasema marehemu ametendewa haki. Wiki inayofuata mtu huyo huyo anafuatwa na kikundi cha akina mama kinachohitaji andiko la mradi wa kuku. Baada yao anakuja mwenye harusi anayetaka risala, halafu shule inayojiandaa na mahafali. Malipo hayabadiliki: asante, soda, pengine mkungu wa ndizi.

Miembeni ni moja ya kata za Manispaa ya Bukoba, lakini watu wa aina hii wamejaa Kagera, kuanzia Kashozi hadi Kamachumu na Rubya. Mkoa huu uliwahi kupata shule, ukatoa walimu, makarani, makatekista na wauguzi kwa wingi. Wengi wao sasa wako kati ya miaka 45 na 60. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hana hiari tena. Mjadala mrefu wa kikokotoo cha mafao ya wastaafu umewafundisha wengi kwamba pensheni peke yake haitoshi kuegemewa. Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini ni kama kalamu inayosaidia mtaa mzima inaweza kumlisha mwenye kalamu. Naamini inaweza. Sharti lake ni gumu kwa watu waliolelewa katika adabu ya kusaidiana: kazi ya kuandika itajwe bei, tena itajwe kabla haijaanza.

Wapo wanaodhani wamechelewa. Hao niwakumbushe kisa ambacho Kagera ina mkono wake ndani. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akakulia Ukerewe katika familia ya kitemi, kisha akapelekwa kusoma Seminari ya Rubya, katika Ihangiro ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Pale Rubya alisoma Kilatini na Kijerumani mikononi mwa mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Upadre hakuufikia. Alirudi kwao, akaishi kwa kazi za ukarani na za misheni, huku akikusanya kwa wazee habari za jinsi watu wa kisiwa kile walivyoishi kabla mambo hayajabadilika. Mwaka 1945, akiwa anakaribia miaka 50, alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali.

Kuandika kukawa kumekwisha, kazi ya pili ikawa haijaanza. Hakuna mchapaji aliyekuwa tayari kutoa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Mswada ukakaa. Miaka ikapita, mapadre waliokuwa wakimtia moyo wakapungua, na mwandishi akazeeka huku maradhi ya viungo yakimsumbua. Hata hivyo alikaa chini akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki Aprili 1981 bila kushika nakala ya kitabu chake.

Watu wakisimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye huzuni ya mwisho wake. Mimi naona jambo jingine. Umri haukumzuia Kitereza. Ulimsaidia, kwa sababu kijana wa miaka 20 asingeweza kujua yale aliyoyajua juu ya ndoa, ugumba, uganga, kilimo na uvuvi. Kilichomkwamisha ni kwamba nyuma ya kalamu yake hapakuwa na biashara. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia mapema kwamba wasomaji wa Kiswahili ni wengi kuliko wa Kikerewe, kupeleka mswada kwa mchapaji mmoja na mwingine, na kuandikiana naye mkataba. Mswada mzuri ulisubiri miaka 35.

Sasa tumtazame aliyekuwa upande wa pili wa mswada huo. Tanzania Publishing House wakati ule iliongozwa na Walter Bgoya, aliyezaliwa mwaka 1942 Ngara, mkoa huu huu wa Kagera. Alikuwa amefanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kushika shirika hilo la umma mwaka 1972, mwaka ambao shirika lilishiriki kutoa kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidunisha Afrika. Alikaa hapo hadi mwaka 1990. Miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni na karatasi ikawa adimu, na mashirika ya umma yakadhoofika moja baada ya jingine. Mwaka 1991, akiwa na miaka 49 hivi, umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka iliyobaki ya kustaafu, Bgoya alianzisha kampuni yake mwenyewe, Mkuki na Nyota. Mwaka 2002 kampuni hiyo ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Kitereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe. Kazi ya mwanafunzi wa Rubya ikawafikia wasomaji wa Kiingereza kupitia biashara ya mtu wa Ngara iliyoanzishwa katika umri wa kati.

Bgoya hakuanza na mikono mitupu, na hapa ndipo penye somo kwa mwalimu wa Miembeni. Alikuwa na miaka 18 ya kuwajua waandishi, wachapaji na wauzaji wa vitabu. Alijua mkataba mbaya unafananaje. Mtaji wa mtu wa umri wa kati ndio huo: watu anaowajua, mambo aliyoyaona, na makosa ya wengine aliyoyashuhudia akiwa kazini. Erica Fiah, aliyetoka Uganda akafungua duka Dar es Salaam, alikuwa amevuka miaka 40 alipoanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, naye aliwajua wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyewahi kuwa ofisa wa afya kabla ya kuingia magazetini, alikuwa anakaribia miaka 40 riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipopata tuzo iliyomfungulia njia.

Kagera ina kumbukumbu ambazo hazijaandikwa hata robo. Mwenye miaka 55 leo alikuwa mtoto wa shule ya msingi majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera Oktoba 1978. Alikuwa akiingia ujana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika mkoani humu mwaka 1983, na akashuhudia nyumba zikibaki na bibi na wajukuu tu. Anakumbuka alikuwa wapi MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Alihisi ardhi ikitikisika tarehe 10 Septemba 2016, na pengine alikuwa mjini asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kila mara waandishi walikuja kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wakatuma habari, wakaondoka. Habari zilitoka. Historia ya familia zilizobaki ingali mikononi mwa watu wa hapa, na hakuna anayeweza kuikusanya vizuri kuliko mtu aliyezika pamoja nao.

Naisema hii kama hoja ya biashara pia. Familia nyingi za Kihaya zilizo Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo zina uwezo wa kulipia historia ya ukoo wao iandikwe, na zina hofu kwamba mzee wa mwisho anayeijua ataondoka nayo. Kazi hii ina mizizi hapa. F. X. Lwamgira aliandika kwa Kihaya historia ya Kiziba, dola ya zamani ya Kihaya, Amakuru ga Kiziba, ikatolewa mwaka 1949, na mpaka leo watafiti wanaitumia. Profesa Mugyabuso Mulokozi alikwenda kwa wapiga nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, akanasa tenzi zao na kuzifanyia utafiti uliompatia shahada ya uzamivu. Mwandishi wa Bukoba anayetaka kazi yenye malipo aanzie Desemba, watu wa mijini wanaporudi kibanjani, kwenye shamba la familia, na wazee wanazungukwa na wajukuu. Akutane na familia, awaonyeshe kurasa tano za mfano, awaeleze kazi itachukua muda gani na itagharimu nini. Ukoo mmoja ukiridhika, shemeji wa ukoo ule atauliza ni nani aliyeandika.

Soko la pili ni la vikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kuwa na katiba na andiko la mradi linaloeleweka, na hapo wengi hukwama. Nimeona maandiko yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kikundi kingine, hata jina la kijiji cha watu wengine likabaki ndani. Mtu aliyekuwa mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa, anayejua kuku wanakula kiasi gani na wanaanza kutaga lini, ataandika andiko ambalo ofisa maendeleo ya jamii atalisoma hadi mwisho. Hiyo ni huduma ya kitaalamu. Ilipwe hata kama mkopo hautatoka, maana mwandishi haahidi mkopo, anaahidi andiko. Na asikubali kulipwa kwa asilimia ya mkopo, kwa sababu fedha hizo ni za kikundi na zinarejeshwa.

Kuna tafsiri pia. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo nyaraka nyingi zilizozoea Kiingereza zinahitaji Kiswahili safi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, linasajili wataalamu wa tafsiri na ukalimani. Kwa mtu wa Bukoba kuna faida nyingine ya mahali. Mpaka wa Mutukula uko kilomita 80 hivi kutoka mjini, na Kampala iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Shule za Masaka na Kampala zitahitaji vitabu vya mazoezi, hadithi za watoto na wahariri. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu Bukoba, anayeelewa Kiganda au lugha jirani, yuko katika nafasi ambayo mwenzake wa Dodoma hana.

Magazetini nisimdanganye mtu. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na malipo huchelewa. Tena anayetaka kufanya kazi ya uandishi wa habari lazima akidhi masharti ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ikiwamo ithibati na sifa ya elimu ya taaluma hiyo. Makala ya gazetini yana thamani ya kumtambulisha mwandishi kwa wateja wengine. Kuyafanya yawe mshahara wa nyumba ni kujitafutia njaa.

Bei sasa. Wengi hutaja kiasi kinachowajia mdomoni baada ya kuangalia viatu vya mteja. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme nyumba yako inahitaji shilingi 600,000 kwa mwezi, na ukiondoa siku za shamba, kanisa au msikiti, misiba na wagonjwa, unabaki na siku 15 za kukaa mezani kwa kweli. Kila siku ya kazi basi inapaswa kuleta shilingi 40,000. Historia ya ukoo ikihitaji siku 30 za kuhoji, kunukuu na kuandika, kazi hiyo ni shilingi 1,200,000, ukiongeza nauli ya bodaboda, bando na gharama za stesheneri. Andiko la siku mbili ni 80,000. Mteja anaweza kulalamika, mnaweza kupunguza kurasa ili mpunguze siku, lakini wewe unajua ukishuka chini ya hapo ni nani ndani ya nyumba yako anayelipa tofauti.

Chukua nusu kabla ya kuanza. Andikianeni makubaliano ya ukurasa mmoja: kazi gani, kurasa ngapi, itakabidhiwa lini, itarekebishwa mara ngapi bila malipo ya ziada, na haki ya kazi ni ya nani. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na ofisi ya COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Lakini aliyesaini bila kusoma anaweza kuwa ameshagawa urithi wa watoto wake. Ukitoa kitabu, namba ya ISBN inapatikana kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo ina maktaba ya mkoa hapo hapo Bukoba.

Wasifu wa marehemu usiutoze. Huo ni ujirani, na mtaa unaolipana kwenye msiba umeshavunjika. Lakini harusi yenye kamati, bajeti, mpambaji, mpiga picha na mshereheshaji anayelipwa haina sababu ya kumwomba aliyeandika risala aridhike na soda. Mtu akiuona mpaka huo kati ya msiba na sherehe, hatakuita mchoyo.

Mambo ya ofisini hayachukui muda mrefu. Chukua TIN katika ofisi ya TRA, na mwulize ofisa jinsi huduma yako itakavyotozwa kodi kabla hujapokea malipo makubwa. Sajili jina la biashara BRELA, kisha kata leseni Manispaa. Taasisi zitakapokulipa zitakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti cha makato hayo na ukitunze, kwa kuwa ni fedha yako iliyotangulia TRA. NSSF inapokea wanachama wanaojiajiri kwa hiari, na kuchangia kidogo kila mwezi ukiwa na miaka 48 ni bora kuliko kujuta ukiwa na 63.

Aliye bado kazini asiache mshahara kwa hamasa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia utumishi wa serikali mwaka 1926 na sehemu kubwa ya kazi zake aliiandika akiwa bado mtumishi. Miaka mitano ya mwisho ya ajira ndiyo ya kujaribu: kazi mbili tatu kwa mwaka zenye malipo, kujifunza kuchapa kwa vidole vyote, kununua kompyuta iliyotumika, kupata wateja watakaokuita kwa jina siku ukitoka ofisini.

Wengine wananiuliza juu ya programu za akili mnemba, zinazotoa risala nzima kwa muda wa kufumba na kufumbua. Zitumieni kwa kupanga maelezo na kukagua makosa, na msome kila mstari, kwa sababu Kiswahili chake mara nyingi kina mifupa ya Kiingereza. Programu haijui kwamba mzee wa Ihangiro hataeleza ugomvi wa kibanja mbele ya mkwewe, na kwamba lazima umsubiri hadi mkwe aende kuchota maji. Haijui kwamba kimya cha mama fulani kuhusu mwaka 1996 kinatokana na mtu aliyempoteza melini. Mwandishi wa miaka 52 anajua, na anajua pia ni lipi kati ya hayo lisiingie kitabuni. Uamuzi huo ndio kiini cha huduma anayoiuza.

Kwa parokia, misikiti, shule, vyama vya ushirika na koo zinazojiandaa na jubilei au mkutano wa mwaka ujao, nina ombi moja. Kamati ikikaa kupanga fedha za turubai, chakula na muziki, iweke pia fungu la mwandishi, ikubaliane naye bei mapema, na imkabidhi nusu ya malipo siku anapoanza kuwahoji wazee.